Marahaba za Marehemu Paskasi

Mimi ndiye niliyesema Rogathe asiambiwe. Siku hizi watu wananipunguzia mzigo, wanasema ulikuwa uamuzi wa ukoo. Ukoo ulikuwa umekaa kimya. Mdomo ulikuwa wangu, na mdomo huu haujawahi kuhudhuria kikao ukanyamaza.

Rogathe ni mtoto pekee wa kaka yangu Paskasi, fundi baiskeli wa hapa Maisaka. Mtoto mwembamba, mbishi, aliyeanza kumsomea baba yake gazeti akiwa darasa la tatu, na akisoma anamkosoa mwandishi. Alipochaguliwa kwenda Norwei mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, Paskasi alifunga kibanda siku mbili, akazunguka mjini akisalimia hadi watu aliokuwa amenuniana nao.

Kila Jumapili baada ya misa Rogathe alipiga simu, nasi tulijazana kwa wifi yangu Philomena, mama yake, kusikiliza vituko. Kule watoto wanamwita mama yao kwa jina lake. Kule huendi kwa jirani mpaka mpatane siku. Wiki ya kwanza alimwamkia mzee mmoja barabarani, mzee akageuka nyuma kuangalia ni nani anayesemeshwa. Paskasi alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hao watu wanajuaje kama wenzao wameamka?" akauliza.

Novemba, mama anayemlea kule, anaitwa Solveig, alifiwa na mama yake mzazi. Aliambiwa kwa simu, hapo hapo mezani, kijiko mkononi. Maziko yalikuja baada ya wiki mbili. Watu wakanywa kahawa, wakapeana mikono, kila mtu akaenda kwake. Rogathe alitaka kulala naye chumbani, kama tunavyofanya sisi ili mfiwa asibaki mwenyewe. Solveig akamshukuru, akafunga mlango.

"Shangazi, wamemwacha!" Rogathe alinililia. "Amefiwa na mama yake, halafu yuko peke yake!"

Maneno hayo yalinikaa. Kwa hiyo Februari, Paskasi alipoanguka kibandani kwa presha na kukata roho kabla ya kufika hospitali, na kikao kikauliza nani ampigie mtoto, nilisimama. Nikasema mtoto ana miaka kumi na tisa, yuko kwenye theluji kwa watu wanaofunga mlango. Kuja kuzika hatawahi. Akiambiwa leo atalia na nani? Kwetu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaitwa nyumbani, anaambiwa kuna mgonjwa, na akifika anakuta mikono ya kumshika. Juni atarudi, tutamwambia tukiwa tumemshika. Philomena alinitazama tu. Mjane siku ile anamfuata yeyote mwenye sauti.

Nikapita nyumba hadi nyumba: asiweke mtu picha ya msiba kwenye status. Maisaka nzima ikatii, jambo ambalo mwenyekiti wetu wa mtaa hajawahi kulipata.

Ikaanza miezi minne. Baba yuko wapi? Yuko shamba, Sigino. Na kweli tulimzika huko, kwenye shamba la baba yetu, kwa hiyo nikajidanganya kwamba sisemi uongo. Simu yake je? Imeingia maji. Rogathe akawa anatuma salamu za sauti kwenye simu ya mama yake: "Shikamoo baba." Philomena anasikiliza, anajifuta uso kwa kitenge, ananipa simu. Mimi naandika: Baba anasema marahaba. Tulimjibia marehemu mpaka mkono wangu ukazoea, na hilo ndilo linaloniumiza.

Juni nilimpokea stendi. "Baba hajaja?" akauliza. Nikamwambia hajisikii vizuri. Nyumbani wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimsubiri. Aliwaona, akashusha begi, hakuuliza kitu. Kilio alichotoa sitakisimulia.

Tulimshika kama nilivyoahidi. Tulilia naye. Lakini kwetu kilikuwa kilio cha pili, na kilikuwa kifupi. Chai haijaisha, Mama Salvatory akauliza kama maharage ya kule Mutuka yameshavunwa, mwingine akajibu kwa utani, watu wawili wakacheka. Rogathe akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. Kesho yake walikuja watatu. Siku ya tatu hakuja mtu. Siwalaumu, mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na matanga walishaanua Februari.

Siku hiyo nilitoka kuvuna nikamkuta sebuleni peke yake, simu mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba alizikwa lini?"

"Tarehe kumi na tatu, Alhamisi."

Alitafuta kwenye simu, akanionyesha. Ilikuwa picha yake mwenyewe aliyotutumia tarehe hiyo: amedondoka kwenye theluji, miguu juu, anacheka meno yote nje. Chini yake jibu lililotoka kwenye simu ya mama yake: *Umependeza mwanangu. Baba anakusalimu.*

"Hii aliandika nani?"

"Mimi. Mama yako hakuweza kushika simu."

"Ni saa nne na nusu asubuhi. Mlikuwa mmeshaenda kuzika?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa na uzoefu. "Bado," nikasema. "Jeneza lilikuwa hapo, katikati ya sebule. Tulikuwa tunamsubiri padri."

Alipatazama pale nilipoonyesha. Hakupandisha sauti. Angenitukana, mimi ningejua la kumjibu.

"Basi ungeniambia, shangazi. Ungemwekea simu sikioni, nikamuaga."

Katika kikao kile, na watu wazima wote wale, hakuna aliyelifikiria hilo. Nilikaa chini karibu naye, nikamshika bega, nikajaribu kulia ili asilie mwenyewe. Machozi hayakuja. Yangu yote niliyalia Februari, na watu wamenizunguka.