Gurudumu la Lobi

Mama Euphrasie Kataliko alipohamia Kisangani kutoka Butembo, mwaka jana, alikuja na Kiswahili chake akidhani kitamtosha. Na kilimtosha sokoni, kanisani, hata ugomvini. Kilipungua kwenye simu tu, kwa wanunuzi.

Alikuwa akiuza vipande vya baiskeli kuukuu. Wanaume waliokuwa wakibeba abiria kwa toleka, zile baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, wengi wamehamia pikipiki, na baiskeli zao zimebaki zimeegemea kuta. Euphrasie alizinunua, akazifungua uani kwake, akasugua kila kipande kwa mafuta ya taa, kisha akakipiga picha juu ya mkeka na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wenye baiskeli. Kazi ya spana haikumtisha. Waliomchanganya ni watu wa upande wa pili wa simu. Chini ya picha ya pedali iliyoliwa na kutu mtu anauliza, "Iko mupya?" Mwingine anataka picha ya mnyororo ukiwa umekunjwa, halafu ukiwa umenyooshwa, halafu anaandika, "Mungu akubariki mama," na kupotea moja kwa moja. Kuna mmoja aliyembembeleza wiki nzima kabla Euphrasie hajaelewa kwamba anachotaka ni ule mkeka.

Hao hakuwachukia. Wakati mwingine, akiwa ameketi katikati ya fremu tupu, alijiuliza tu kama watu hawa wangekuwa hivyo hivyo wangesimama mbele yake, au ni simu iliyowafanya hivyo.

Rachidi alikuwa wa namna nyingine. Huyu alibeba makaa kwa baiskeli huko Lubunga, ng'ambo ya mto, na alihitaji gurudumu la nyuma lenye spoki nene. Alimlazimisha Euphrasie alizungushe mbele ya simu ili asikie kama linakwaruza. Alisikiliza mara tatu. Mwishowe wakapatana: atavuka, watakutana kivukoni, atatuma habari ya siku. Euphrasie akaliweka gurudumu ndani ya nyumba, akawakatalia wengine waliolitaka.

Kisha umeme ukakatika mtaani na simu ikazimika. Alipofanikiwa kuichaji alikuta ujumbe mmoja wa Rachidi, mkavu kama kawaida yake: "Mama. Lobi saa sita kivuko. Roue."

Roue ni gurudumu kwa Kifaransa. Lobi ni Kilingala, na hilo Euphrasie alilijua. Alifundishwa na fundi wa mlango wake, aliyemwambia "lobi, mama, lobi" kila alipoulizwa lini atakuja. Lobi ni kesho. Akajibu, "Sawa papa."

Siku iliyofuata alibeba gurudumu hadi kivukoni, akasimama kati ya wenye mihogo na wenye kuku. Mitumbwi ilikuja na kuondoka. Kila mwanaume aliyeshuka na baiskeli alimtazama usoni. Rachidi hakutokea. Alirudi nyumbani akiwa na alama ya tairi kwenye bega la nguo, na hasira aliyoipanga vizuri njiani, sentensi kwa sentensi.

Hakuitumia. Kwenye kundi, ambalo hakuwa amelifungua tangu aandike "sawa papa", sauti ya Rachidi ilikuwa imemtangulia tangu usiku uliopita, mbele ya watu wote.

"Bandugu, muchunge huyu Mama Euphrasie! Mi napiga simu yake, imezimika, navuka mayi vile vile, jua inanikaanga pale lobi muzima. Naandika, nalalamika. Yeye ananijibu 'sawa papa'. Sawa nini? Iko mwongo!"

Chini yake Isaïe, msimamizi wa kundi, alikuwa ameandika asubuhi: "Mama, mumalize hii neno leo. Pasipo vile nakutosha mu kundi."

Nje ya kundi lile hakuwa na mnunuzi hata mmoja. Angebaki na uwanja wa chuma. Lakini lililomuuma zaidi ni lile neno mwongo, ambalo hakuwahi kuitwa, hata alipokuwa mtoto na kustahili.

Alisikiliza sauti ile tena na tena. Inanikaanga pale lobi. Mtu anakaangwaje na jua la kesho? Alifikiri labda Rachidi ni mgonjwa. Halafu akafikiri labda mgonjwa ni yeye, kwamba alilala siku moja nzima bila kujua.

"Hebu sikia," alimwambia Agathe, jirani yake, mzaliwa wa Kisangani, aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya mihogo, upande wa pili wa ua. "Huyu papa anasema nini?"

Agathe alisikiliza huku mchi ukiwa hewani. "Anasema alikungoja jana."

"Amesema lobi."

"Eh. Lobi."

"Lobi ni kesho, Agathe."

"Na jana."

Euphrasie alimkodolea macho. "Neno moja?"

"Moja."

"Sasa mnajuaje ni ipi?"

Agathe aliwaza kwa uaminifu, mpaka akacheka. "Tunajua tu! Bon, mama ya Butembo, weye ulifikiri jana iko na jina yake peke yake? Na huyu papa, ulimujibu 'sawa'? Yesu! Hata mi ningekutukana."

Euphrasie hakucheka. Alichukua gurudumu, akarudi kivukoni, na safari hii akapanda mtumbwi.

Huko Lubunga aliulizia, akamkuta Rachidi kwenye kibanda cha makaa, mwanaume mfupi mwenye kofia ya sala na vumbi jeusi hadi kwenye nyusi, baiskeli yake imelazwa chali bila gurudumu la nyuma.

"Weye ndiye sawa papa?" alisema.

"Mimi. Nilisoma lobi kuwa kesho. Leo mchana nilikungoja, mpaka nikachoka."

Rachidi alimtazama juu hadi chini. "Unasema Kiswahili kizuri hivi, uko mutu ya wapi?"

"Butembo."

"Ah! Na mi ya Kindu. Kiswahili ndiyo kya mama yangu." Alijifuta uso, akazidi kuupaka. "Nilikuandikia Kilingala juu ya heshima. Nilifikiri mama wa Kisangani, nisimusumbue."

Walitazamana, wageni wawili waliogombana kwa neno la kuazima, na hakuna aliyejua aanze kuomba radhi kutoka wapi. Rachidi alichukua gurudumu, akalizungusha, akaweka sikio.

"Spoki moja imelegea," alisema.

"Niletee spana."

Alipokwisha kuikaza, Rachidi alishika simu na kuongea na kundi, taratibu, kama mtu anayesoma mbele ya mwalimu: "Mama Euphrasie hapana mwongo. Roue iko hapa. Nilimuelewa mubaya, na yeye vile vile. Ile neno naitosha."

Kwenye mtumbwi wa kurudi Euphrasie aliangalia majibu. Vidole gumba vilikuwa vingi, lakini vingine vilikuja haraka mno, kabla sauti ile haijaweza kumalizika kusikilizwa. Mtu mmoja aliuliza kama gurudumu lingali linauzwa. Isaïe aliandika "Ok" peke yake.

Euphrasie aliigeuzageuza ile Ok kichwani. Yawezekana ni ya amani, yawezekana ni ya kuaga. Mwishowe akamwandikia, kwa Kiswahili kitupu: "Ok nini, papa Isaïe? Nibaki au nitoke?"

Mtumbwi ulikaribia ukingo ndipo jibu likaingia.

"Uuzishe tu, mama."