Masanduku ya Mbao Getini

Siku nchi ilipojitoa katika umoja wa biashara, Mama Shaba alicheka tu mbele ya tanuri lake. Kazi yake ilikuwa kumimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu za mchanga, zitoke koki za maji. Koki ni koki, aliwaambia wenzake, uwe ndani ya umoja au nje.

Kumbe sivyo. Zamani koki zao zilivuka mpaka kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake: hodi moja, kaingia. Sasa zikatozwa ushuru, zikakaguliwa upya, nyingine zikarudishwa na lori lilelile. Wanunuzi wakahamia viwanda vilivyobaki ndani ya umoja. Matanuri mengine yakazimwa, likabaki lake. Kisha mashine mojawapo ya kuchonga koki ikahamishiwa ng'ambo ya mpaka, imepigiliwa ndani ya sanduku la mbao. Hapo wafanyakazi wakajua la kuchunga. Pale kiwandani koki hutoka zimefungwa kwenye maboksi ya karatasi. Kinachotoka kwenye mbao ni mashine, na mashine ikitoka, unga wa watu umemwagika.

Mama Shaba aliapa kwamba tanuri lake litapita juu ya mgongo wake.

Asubuhi moja chumba cha kufungia mizigo kilikutwa kimefungwa kwa ndani, na humo zikasikika nyundo za mafundi wa kukodi. Bosi hakusema neno. Kufika adhuhuri, lori lilikuwa linaelekea getini limejaa masanduku ya mbao, na hakuna aliyengoja kuhesabu mashine zilizobaki.

Kidevu, mpiga msasa, akapiga mluzi. Watu wakamiminika na vyuma mikononi. Mlinzi alinyoosha mikono kuwazuia, akapigwa bomba la mdomo, akaanguka akitema meno. Kioo cha lori kikapasuka. Mama Shaba akafungua mlango, akamvuta dereva kwa ukosi hadi chini.

Dereva alikuwa mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki.

"Jana ulikula kwangu ukanyamaza," alimwambia. "Kumbe unakuja kunizika."

"Dada, kazi nimepewa leo asubuhi. Humo mna koki."

Kidevu akacheka. "Koki zimeanza lini kuvaa mbao? Zinaolewa?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana baada yake hakuna aliyetaka kusikiliza. Teke likampata dereva ubavuni. Alijikokota hadi nyuma ya lori, akaweka mkono juu ya komeo asiruhusu lifunguliwe. Mama Shaba alikuwa na upawa wa kumiminia, chuma kitupu, mzito kama mtoto. Akamwambia aondoe mkono. Hakuondoa. Akaushusha upawa.

Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

Sanduku la kwanza likaburutwa chini, likavunjwa. Zikamwagika koki. La pili, koki. Walikuwa wamekolea hasira, wakavunja hata la tatu, shaba inaruka huku na huku, mtu anateleza juu yake. Mama Shaba akaokota moja. Chini ya shingo ilikuwa na kovu dogo, alama ya kalibu yake iliyopata ufa. Ni yeye aliyeimimina.

Dereva alizungumza akiwa amelala ubavu, damu ikimtoka puani. Bosi amepata mnunuzi ng'ambo ya bahari, akaficha, wenye viwanda wenzake wasimnyang'anye. Safari ya meli ni ndefu. Boksi la karatasi lingelowa na kupasuka.

"Meli inaondoka jioni," alisema. "Nilikuwa nakupelekea kazi yako, dada."

Kidevu ndiye aliyeanza kuokota, bila utani. Wengine wakapiga magoti. Mama Shaba alivua kilemba, akamfunga mdogo wake mkono. Walipomaliza kuokota, koki nyingi zilikuwa zimebonyea, na meli haikumngoja mtu. Mnunuzi akaenda kwingine.

Mwezi uliofuata tanuri lilizimwa. Likang'olewa, likapigiliwa ndani ya mbao, likapandishwa kwenye lori lilelile, na kwenye usukani alikaa mdogo wake, vidole viwili vimepinda, havishiki. Hakuna aliyepiga mluzi. Mlinzi alikuwa bado hajapona mdomo, kwa hiyo Mama Shaba ndiye aliyefungua geti.