Ile "Actually" ya Mdogo Wangu

Binti wa mama mdogo aliwasili Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na begi moja, viatu vya kanisani, na neno "actually". Begi tulilifungua siku hiyohiyo. Viatu vilimbana. Neno ndilo lililonitia ugonjwa.

Alilitumia kama chumvi. Mama anamuuliza, "Umekula, mwanangu?" Anajibu, "Actually, yes, mama mkubwa." Mama anayeyuka pale pale jikoni.

"Msikie! Amefika juzi tu. Wewe umesoma hapa tangu chekechea, mbona actually yako hatujawahi kuisikia?"

"Mama, hilo si pambo. Ni neno la kumwambia mtu amekosea, huku unamtabasamia. Ukisema 'kwa kweli' ni kama unaapa, ukisema 'kumbe' umeshangaa. Hili ni la kusahihisha. Mwalimu wangu akianza nalo sentensi, najua tu nimeumia. Umemuuliza kama amekula, sasa anakusahihisha nini?"

"Wivu huo," alisema mama, akamwongezea maharage. Yeye, si mimi.

Ulikuwa wivu, sawa. Lakini bado ulikuwa mdogo, wa saizi ya maharage. Ulikua Alhamisi, mchungaji alipopita nyumbani akitoka zamu yake ya ghalani, bado amevaa ile fulana ya kung'aa ya kazini.

"Jumapili wageni wanakuja," aliniambia. "Tumpe nafasi mdogo wako atafsiri. Wewe pumzika kidogo, mwanangu."

Nipumzike! Tangu darasa la saba mimi ndiye niliyesimama kando yake katika ukumbi wa shule tunaoukodi mtaani kwetu Toongabbie. Na kutafsiri mahubiri kwetu si kusema tu. Mchungaji akipiga Biblia, unapiga. Akiruka, unaruka. Akifuta jasho, unafuta, hata kama huna. Niliruka mpaka soli zikaachia. Hapo mbele ndipo mahali pekee duniani ambapo watu wazima walikuwa wananisikiliza.

Jumapili nilikaa mstari wa pili, nimekunja mikono, nikiomba dua mbaya. Wageni, Waaustralia wazee kutoka kanisa jirani, walikaa mbele. Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe!" Mdogo wangu akatafsiri: "Actually, praise the Lord!"

Wageni wakatazamana na kutabasamu. Mimi nikafurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamnong'oneza mama, "Unaona? Ni kama anambishia mchungaji."

"Nyamaza, wewe."

Isitoshe, hakuruka. Mchungaji aliruka, yeye akasimama tu kama nguzo, mikono imeshikana mbele. Nikasema, basi, kwisha habari yake.

Kisha mchungaji akaanza kuzungumzia kambi. Akataja foleni za maji, na majina ya waliopata safari yanayobandikwa ukutani, na lako halimo, tena halimo. "Tukasema Mungu ametusahau," alisema. Mdogo wangu akatafsiri hilo polepole. Mama yake bado yuko kulekule, jina lake bado halijatoka. Mchungaji akasema, "Hajasahau."

Mdogo wangu akaachanisha mikono. Halafu, kwa sauti ndogo: "Actually, He remembers."

Mchungaji, aliyekuwa ameinua mikono yote miwili, akaishusha. Mgeni mmoja, bibi wa nywele nyeupe, akavua miwani na kujifuta machozi. Mama yangu alikuwa analia waziwazi.

Na neno lilikuwa limekaa mahali pake kabisa. Watu wote tulikuwa tumekosea, naye akatusahihisha. Mimi mwenye kanuni zote sikuwahi kulitumia vizuri hivyo. Na katika kuruka kwangu kote hakuna aliyewahi kulia. Walikuwa wanacheka, wananipigia makofi, wanaenda kula sambusa.

Baada ya ibada mchungaji alinipita akiwa amemshika mdogo wangu bega. "Wiki ijayo pia ni yeye," alisema, kama anayenipa habari njema.

Nilikuwa napanga viti pale yule bibi mgeni aliponijia na kikombe cha chai. Akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu sana, kama vile mimi ndiye niliyeshuka kwenye ndege juzi: yule binti, nani alimfundisha kuongea vizuri hivyo?

"Mimi," nikamjibu bila kupepesa macho.

Akanishukuru kwa moyo wote, akanikabidhi kikombe chake kitupu, akaenda kumkumbatia yeye.