Wakaaji wa Goti la Twagirimana

Miaka ishirini na mbili Twagirimana alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akishusha makaa kutoka Kanyaruchinya hadi mtaa wa Mapendo, mjini Goma: goti la kuume juu ya kipande cha sandale ya mpira kilichopigiliwa ubaoni, mguu wa kushoto ukisukuma barabara. Goti lilipovimba, alifanya kama wenzake wote wangefanya: akapigilia sandale ya pili. Na kwa vile goti sasa lilikuwa na godoro, akaongeza gunia la tano.

Wiki mbili baadaye alishindwa kushuka kitandani. Mkewe, Dative, akamkokota hadi kwa Christa, binti wa Bukavu anayetibu viungo.

“Muzee, ulisukuma na goti yenye kuvimba?”

“Sasa ningesukuma na ya nani? Ya Dative?”

“Ya kwangu iko na akili,” Dative akasema.

Twagirimana akamgeukia Christa. “Docta, nitasukuma tena, ao imekwisha?”

Christa akaloweka eponji, sifongo ya kuoshea, akaibana hadi maji yakachuruzika.

“Kwenye ncha ya mufupa kuko gegedu, ile kitu nyeupe unatafunaka kwenye kuku. Ndani mwake seli zinaishi. Damu haifikake kule. Ukikanyaga, maji inatoka kama kwa eponji hii. Ukiachilia, inaingia na chakula.”

Twagirimana akaliangalia goti lake kama nyumba aliyopangisha watu bila kujua. Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anawalisha!

“Lakini goti ikivimba, kinga ya mwili inatuma ujumbe, protini ndogondogo zenye kulia: vita! Seli zikisikia, zinaacha kujenga, zinabomoa nyumba yao zenyewe. Na weye unazirundikia magunia tano.”

Mtu wa Goma, mji uliozoea vita, hahitaji kuelezwa zaidi.

“Basi nilale tu?” Twagirimana akanong’ona.

“Ukilala tu, zitakosa chakula. Uvimbe ishuke kwanza. Kisha uzito mudogo, pole pole. Ule uzito unatulizaka kelele ya vita. Kusukuma, ndiyo, lakini kwa kutembea. Kupiga goti, hapana. Na magunia tano, usahau. Yenye ilibomoka hairudi.”

Uvimbe uliposhuka, Mapendo ilimwona akitembea kando ya chukudu yake, sandale zote mbili zimeng’olewa.

“Muzee, leo umebeba nini?” Janvier, msukumaji mwenzake, akapiga kelele.

“Kabichi mbili.”

Jamaa wakacheka hadi wakashika matumbo. Twagirimana hakuwajali. Alikanyaga, akaachilia, akakanyaga tena taratibu, kichwa kimeinama upande wa goti, kama anayesikiliza wapangaji wake wakila.