Mugweri Alipomgusa Mama Mkwe

Mimi nauza chai hapa mwaloni Masese, boti za ziwani zinapotia nanga, na mashujaa nawajua kwa vikombe vyao. Kikombe cha Mugweri, mziba pancha wa Mpumudde, kilikuwa kinatetemeka kila mama mkwe wake akitajwa. Mama mwenyewe, Nandutu wa Busiu, ni mfupi na mpole. Lakini kwao mkwe hamgusi mama mkwe wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite.

Na mtu huyu ndiye aliyejitolea kwenye boti ya kuokoa watu! Ilikuwa wakati wa vita vya ziwa, askari wanasaka nyavu haramu kwa bunduki, utadhani sangara nao wana silaha. Boti ikitoka, risasi. Wazee wetu wa mwalo, waliokunywa chai yangu asubuhi nzima wakisifia ushujaa wao, ghafla kila mmoja akakumbuka ana shughuli nyumbani.

Siku hiyo mtumbwi wa watu waliotoka mazishini kisiwani ulipinduka. Wengine waliogelea mpaka kwenye miamba, akabaki mmoja ameng'ang'ania jerikeni. Mugweri akavua shati lake jeupe, akampa mwenzake Bogere alipeperushe kwa mkono mmoja, wa pili ushike injini. Risasi zikalia, nao wakaenda. Hakutetemeka, nilimwona kwa macho yangu.

Yaliyofuata alinisimulia Bogere. Walipokaribia, Mugweri akaona ni nani. Wallahi, mwanaume aliyepita kwenye risasi akageuza mgongo, akanyoosha kasia kwa nyuma bila kutazama.

Wanasema mfa maji hukamata maji. Waliosema hawakumjua Nandutu. Yeye alikamata leso, akajifunika uso.

"Bogere," akasema, maji yanamwingia mdomoni, "mwambie huyo akae kando. Nivute wewe."

"Mama, nikishusha shati watatupiga."

Adabu ikaendelea hivyo, huyu mgongo, huyu leso, mpaka jerikeni ikamponyoka. Kichwa kikazama, leso ikabaki inaelea. Hapo Mugweri akageuka, akajirusha kifua kizima nje ya boti, akamshika kwapani na kumvuta ndani.

Walipofika nchi kavu hakuna aliyeuliza habari ya risasi. Wazee walikuwa wamerudi, shughuli zimekwisha.

"Kamgusa?" wakauliza. "Basi alete mbuzi wa kutakasa mwiko aliovunja."

Mjinga yule akakubali. Nilimpa chai, kikombe kikaanza kutetemeka tena. Nilitamani kuwamwagia wale wazee birika zima.

Nandutu alikuwa amekaa kwenye benchi langu, amejifunga blanketi, amempa mkwewe mgongo kama desturi inavyotaka.

"Mbuzi ni lazima," akasema.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika.

"Lakini mtamleta ninyi. Huyu amenigusa kwapani nikizama. Ninyi mlinigusa wapi?"