Breki Zilizokuwa Nzima

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, nilimchukia miaka mingi kabla sijamgonga. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaotufahamu wanadhani uadui wetu ulizaliwa na ile ajali. Sivyo. Chuki ilitangulia, ajali ikafuata.

Yeye ni mhadhiri, Morogoro alikuja kwa kazi. Mimi ni fundi wa pampu za maji kwenye mashamba ya mpunga Dakawa, mzaliwa wa Matombo, Mluguru kwa baba na kwa mama. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Anaulizwa mtoto anapoolewa, anaulizwa anapougua, anaulizwa hata jina linapotafutwa. Shemeji mambo hayo hakuyataka hata kuyasikia. Siku moja nyumbani kwake Mazimbu nilimkemea mpwa wangu wa kike kwa kumjibu mama yake vibaya. Shemeji akatoka chumbani, miwani mkononi.

"Shemeji, hapa mwenye amri ni mimi. Hayo mambo ya ujomba yaache huko huko milimani."

Mdogo wangu alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Alisikia. Akaendelea kukuna nazi.

Kisha mama yetu akafa. Tulimzika Matombo, mvua inanyesha, barabara imekuwa uji mtupu. Siku ya tatu, khitma haijasomwa, shemeji alisimama mbele ya wazee, akatazama saa yake, akasema, "Tufupishe jamani, mimi kesho naingia darasani." Wazee wakafupisha. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la pilau, nikaliweka chini, nikatoka nje kwenye mvua. Tangu siku ile nilikuwa nikimsalimia kwa sababu ya mdogo wangu tu.

Kumbe ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Nje ya mji kuna shamba la mkonge lililokufa zamani, na ndani yake barabara za kifusi zilizoshindiliwa vizuri. Sisi wapenda magari tulikuwa tumeruhusiwa kuzitumia Jumapili mbili kila mwezi. Tulikuwa watu kama ishirini hivi, wenye vigari vya kawaida tulivyovitia nguvu wenyewe, tukikimbia mzunguko mmoja unaoanzia kwenye ghala na kupita nyuma ya jengo la kukwangulia mkonge. Nilikuwa nimeshakimbia pale mwaka mzima ndipo Jumapili moja shemeji akatokea na gari jekundu, kofia ngumu mpya kichwani. Alininyooshea mkono akicheka.

"Kumbe na wewe umo? Mimi nilidhani wewe ni mtu wa pampu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Alikuwa dereva mzuri, sitaki kumnyima haki yake. Alikuwa ananishinda. Kila Jumapili alinishinda, na kila aliposhinda alinifuata kunieleza nilipokosea, kwa sauti ile ile ya darasani, mbele ya watu. "Shemeji, unakanyaga breki mapema mno. Unaogopa kona." Alilirudia hilo neno, kuogopa, mpaka likawa utani wa wote.

Siku ya ajali nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa, tunaiendea kona kali ya kushoto nyuma ya lile jengo. Taa zake za breki zikawaka. Mguu wangu ulikuwa tayari juu ya pedali. Nataka ieleweke hapa: nafasi ilikuwepo, na muda ulikuwepo. Niliziona zile taa, nikamwona yeye kwa kisogo, nikasikia ndani yangu ile sauti yake ya "tufupishe jamani", na mguu haukushuka. Sikuamua kumuua. Niliamua tu kutokanyaga, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nikakanyaga nikiwa nimechelewa.

Nilimpiga nyuma upande wa kulia. Gari lake lilizunguka, likaingia mtaroni, likapinduka mara moja na kulala ubavu ndani ya mikonge. Vumbi lilipotua watu walikuwa wanakimbia kutoka pande zote. Walimtoa akiwa anajishika bega. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, na mkono wa kulia pia, juu kidogo ya kiganja. Nilishuka nikakuta midomo yangu imeshasema.

"Breki zimefeli! Nimekanyaga, hamna kitu!"

Shemeji alikuwa amekalishwa chini, uso umejaa vumbi. Akanitazama bila kupepesa.

"Muongo. Umenipiga makusudi."

Mwenyekiti wa kundi letu, mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao ambaye hata wazee wenzake humpa shikamoo, akamwinamia. "Mwalimu, tulia. Maumivu hayo. Gari likifeli breki limefeli, hakuna mtu wa kulaumiwa." Na wengine wakaitikia. Hawakuniamini mimi kwa wema wangu. Waliniamini kwa sababu yeye hawakumpenda.

Mwenyekiti akatoa amri kwamba sitaingia tena kwenye mzunguko mpaka niweke breki kubwa na rimu zinazofaa, na kazi ikaguliwe mbele ya wote. Hapo ndipo wema wa watu ulipoanza kunitesa. Jamaa mmoja mwenye duka la vipuri, mtu ambaye hatukuwa na urafiki wowote, akasema ana kalipa mbili za mbele, vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, alizozitoa kwenye gari lake lililoharibika injini, zenye pistoni nne kila moja, na diski zake pana. "Chukua. Leo amevunjika mkono, kesho utavunjika shingo wewe." Nikapokea. Ningekataaje?

Gari nililipeleka Kihonda kwa fundi mmoja mwanamke, mtu wa Kilosa, mwenye umri kama wangu. Si msemaji. Mteja akimzidishia maneno humwachia spana akamwambia afungue mwenyewe. Asubuhi ile alipiga jeki, akatoa tairi za mbele, akavua pedi za zamani, akazishika kwenye mwanga. Akazigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya diski, kisha akavuta mafuta ya breki kidogo kwenye chupa ya glasi akayatazama.

"Hizi ndizo zilizofeli?"

"Ndizo."

"Breki ikifa kwa joto huacha ushahidi," akasema. "Pedi inang'aa kama kioo. Diski inapiga ubuluu. Mafuta yanakuwa meusi, yananuka kuungua. Hizi pedi hazijafika hata nusu. Mafuta haya bado masafi, rangi ya chai nyepesi. Mpira wa mafuta haujapasuka popote."

Nikasema labda ni hewa iliingia kwenye mabomba.

"Hewa haitoki yenyewe, kaka. Nimekanyaga pedali kabla sijafungua. Ngumu kama jiwe."

Akachukua boksi la kadibodi, akaweka pedi zote nne na ile chupa, akalisukuma chini ya meza yake. "Kazi nitaifanya, gari halina kosa. Lakini nikiulizwa sitasema uongo kwa ajili yako." Baada ya hapo hakunisemesha siku mbili, isipokuwa kuniambia nimpe hiki au nishike kile.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo lilinikera zaidi. Kalipa mpya zilikuwa nene kiasi kwamba rimu zangu za zamani zisingepita juu yake. Fundi alikata kadibodi kwa umbo la kalipa, akaizungusha ndani ya kila rimu tuliyoletewa na wauza vipuri mpaka akapata seti ya inchi kumi na saba, nyepesi, iliyoacha nafasi ya kupitisha kidole. Aliondoa mipira laini ya breki akaweka iliyosukwa kwa nyuzi za chuma isiyovimba ikikanyagwa. Akabadilisha mafuta kwa yale yanayostahimili moto. Mwisho akanituma nikazizoeze pedi: nikimbize gari, nibane breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, niachie, nirudie mara nane au kumi, kisha niliendeshe taratibu zipoe.

Nilikwenda nalo kwenye barabara ya Dakawa ninayoipita kila siku, alfajiri, kabla ya malori. Kila nilipokanyaga, gari lilijikita chini na kifua changu kikavutwa kwenye mkanda. Mguu ulijibiwa papo hapo. Sikuwa na raha hata chembe. Nilikuwa nimewekewa breki zinazoweza kusimamisha basi, na tatizo halikuwahi kuwa breki.

Nilipofika nyumbani Bigwa nilimkuta mdogo wangu ameketi barazani kwangu na mkoba mapajani. Hakukubali hata maji.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Namlisha kwa kijiko. Namfunga vifungo vya shati. Sikuja kwa hilo. Nataka kitu kimoja tu. Breki zilikataa?"

"Zilikataa."

"Apa."

Nikasema neno ambalo mpaka leo linanichoma. "Wewe siku hizi unamwamini mtu wa kuja kuliko damu yako?"

Aliinuka. "Mtu wa kuja ndiye baba wa wanangu," akasema. "Nawe nimekuomba kiapo, umenipa ukoo." Akaondoka kwa miguu mpaka barabarani, sikumsindikiza.

Jumapili ya ukaguzi watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Gari langu lilisimamishwa mbele ya ghala, tairi za mbele zimegeuzwa upande ili kalipa zionekane. Mwenyekiti aliinama, akaangalia kwa tochi, akasifu. Yule jamaa wa duka la vipuri alisimama pembeni kama baba wa bwana harusi, na fundi naye alikuwepo, ameitwa kueleza kazi yake. Ndipo teksi ikaingia, akashuka shemeji, mkono umefungwa kifuani, amekonda. Hakumsalimia mtu. Alimwendea fundi moja kwa moja.

"Dada, samahani. Zile breki za zamani ziko wapi?"

"Zipo gereji. Kwenye boksi."

"Zilikuwa na hali gani?"

Fundi aliifuta mikono yake kwa kitambaa. Alinigeukia mimi, akangoja. Nilijua kwamba akihesabu mpaka tano atasema, na akisema yeye nitakuwa nimekwisha. Sikutubu siku ile, wala sitajisifia toba. Niliogopa tu kuumbuliwa na mtu mwingine.

"Zilikuwa nzima," nikasema. "Sikukanyaga. Nilikuona, sikukanyaga."

Nilitarajia kelele. Mwenyekiti alizima tochi yake akaiweka mfukoni. Shemeji akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayesahihisha mtihani na kukuta jibu alilolitegemea.

"Nilijua," akasema. "Nimekaa wiki sita naitwa kichaa, hata kitandani kwangu. Mke wangu ananiuliza kama nina uhakika. Sikiliza, sikusamehe. Usije kwangu. Wanangu hawana mjomba."

Nilitaka kumwambia habari za khitma. Nilitaka kumwambia habari za miwani yake mkononi pale sebuleni. Yote yalikuwepo mdomoni, na yote, pale mbele ya mkono uliofungwa, yalikuwa madogo.

Jamaa wa duka la vipuri ndiye aliyesogea.

"Nivulie kalipa zangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na diski."

Mwenyekiti hakumzuia. Nilitoa jeki kwenye buti, nikaanza kufungua nati, jua limesimama utosini, na wale wote niliokimbia nao mwaka mzima wakiwa wamesimama nusu duara. Hakuna aliyeshika spana. Mafuta ya breki yalinimwagikia mpaka kwenye viwiko. Nilipomkabidhi vitu vyake, alivifunga kwenye gunia bila kuvifuta, akaondoka. Gari likabaki limekalia mawe upande wa mbele. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na vumbi la kila mmoja likanipitia.

Fundi alibaki. Nilidhani amenionea huruma, nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Gari hili limeingia hapa kutoka mikononi mwangu, siliachi juu ya mawe." Akalivuta kwa pikapu yake mpaka Kihonda, akanirudishia breki zangu za zamani na rimu zangu za zamani. Kisha akaniambia nitafute fundi mwingine.

Siku hizi naliendesha gari lile kwenda Dakawa na kurudi, basi. Mara mbili nimekutana na shemeji barabarani Msamvu. Mara zote mbili alinitambua kwenye kioo, akawasha taa ya pembeni, akasimama kando ya barabara mpaka nilipopita. Sikumpungia. Mkono wake, nasikia, umeunga, ila kidole kimoja hakikunji vizuri, na ubaoni anaandika kwa shida.

Mpwa wangu alipovunja ungo na wakati wa kutolewa mwali ukafika, mdogo wangu alinipigia simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu siku ile ya barazani.

"Kaka, ngoma ni Jumamosi, huko huko Matombo," akasema. "Nimekupigia usije ukasikia kwa watu. Mahali pako pa mjomba atakaa binamu yetu wa Kinole."

"Na mimi?"

"Usije."

Nilimuuliza kama hayo ni maneno ya mumewe.

"Yangu," akasema. "Yeye hajui hata kama nimekupigia."

Jumamosi hiyo niliomba zamu. Pampu namba mbili ilikuwa inavuja, nikashinda mferejini na matope mpaka magotini, na wenye mashamba wakawa wananipigia kelele kwamba maji yamechelewa. Nilijibizana nao mpaka jioni.