Tiketi ya Kilo Saba

Nyumba yetu ya Rau haina dari. Ikifika Januari jua linapiga bati mchana kutwa, na jioni ukiingia chumbani kwangu ni kama umefunua sufuria la makande. Mama ana njia zake za kupoza nyumba bila kugusa umeme. Mapazia yafungwe mapema, sakafu ipigwe deki mchana, khanga mbichi itundikwe dirishani. Feni hakutaka kuisikia.

"Luku ya umeme yenyewe inakimbia kama inafukuzwa na mbwa," alikuwa anasema, "halafu niiongezee feni?"

Mimi feni niliitaka kuliko kitu chochote. Niko kidato cha tatu, na kwenye lile joto hata hesabu nyepesi zilikuwa zinanishinda.

Ndipo mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, akajifungua huko Dar kwa upasuaji. Mama alitakiwa aende haraka akamhudumie. Baba mdogo akatuma nauli ya ndege, maana mgongo wa Mama hauwezi kukaa kwenye basi siku nzima. Mambo ya simu nyumbani ni yangu. Mimi na watu hatuelewani sana, naona aibu, ila na simu tunaelewana. Mama akanipa ile pesa na maneno haya:

"Tafuta ya bei ya chini kabisa. Ikibaki chenji, haya, kanunue hiyo feni yako unipumzishe masikio."

Nikatafuta. Nikaipata moja ya ofa, rahisi ajabu. Chini ya bei kulikuwa na maandishi madogo: begi la mkononi kilo saba, mzigo mwingine unalipiwa. Juu yake kulikuwa na tiketi nyingine yenye begi kubwa, na hiyo ilikuwa ghali zaidi. Niliona. Nataka niandike hivyo hivyo, bila kuzunguka: niliona, na nikasoma mara mbili.

Na nikamkumbuka Bibi, mama yake Mama. Anaishi juu mlimani, Kibosho, na hakuna mtu anayetoka kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mikono mitupu. Hata daktari wa ng'ombe anaondoka na parachichi mifukoni. Sasa akiwepo mzazi ndiyo usiseme. Kwetu mwanamke akijifungua analishwa mtori, supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, mpaka mashavu yajae, na Bibi anaamini ndizi za mtori huo lazima zitoke kwao alikozaliwa. Tangu aliposikia binti yake ana mimba alikuwa na mgomba mmoja wa mshare, ndizi za kupikia, ameuegemeza kwa mti ili usianguke. "Huo ni wa mzazi," alituambia sote, "asiuguse mtu."

Hayo yote niliyajua. Nikajiambia labda Mama atapanga mwenyewe. Nikabonyeza. Feni niliinunua siku ile ile mjini.

Siku ya safari Bibi akashuka na mkungu wake, ameuzungushia majani makavu ya mgomba na kuutia kwenye kiroba. Alivaa kitenge cha kanisani kwa sababu anakwenda kuona ndege. Jirani akatupeleka uwanjani kwa gari lake. Mama akaingia ndani na mzigo, mimi na Bibi tukabaki nje na wasindikizaji wengine.

Hatukukaa sana. Mama akatoka, kiroba kifuani, jasho linamtoka.

"Wanasema kilo saba tu. Mkungu ulipiwe, na bei yao hiyo, mama yangu, ni bora ninunue shamba." Akanigeukia. "Si wewe uliyekata tiketi? Hawakuandika chochote kuhusu mizigo?"

"Sikuona," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Bibi akanisogelea na kusimama mbele yangu, kama vile mvua inanyesha na yeye ndiye mwavuli.

"Usimfokee mtoto. Kosa ni langu. Mimi mtu wa shamba, nikadhani ndege ni kama basi, unatupia tu juu. Nisamehe, mwanangu, nimekuaibisha mbele za watu."

Dereva mmoja wa teksi akadakia, "Bibi, na huyo mkungu ungemkatia tiketi yake akae dirishani!"

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, lakini alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mama akafungua begi lake pale pale chini. Akatoa sweta, akatoa viatu vya kanisani, akasukumizia ndani chana moja ya ndizi. "Angalau mtori wa sufuria moja," akasema, na kukimbia ndani.

Kwenye gari Bibi alikataa kiroba kiwekwe nyuma. Alikipakata. Njia nzima alikuwa anarudia, "Mama yako atakuwa amenikasirikia." Mimi niliangalia nje.

Ndizi zilizobaki ilibidi zimfuate Mama kwa basi, na basi la kubeba mzigo lilikuwa la kesho yake alfajiri. Tulipoingia nyumbani Bibi alizipapasa ndizi, akaguna.

"Humu zitaiva. Na ndizi mbivu siyo mtori."

Nikaileta feni, nikaielekeza kwenye kiroba, nikaiwasha.

"Hee! Hii mmenunua lini? Si mama yako anasema umeme ghali?"

Nikamwambia yote. Nilikuwa naangalia feni, siyo yeye.

"Kwa hiyo ulijua."

"Ndiyo, Bibi."

"Na pale uwanjani ulinisikia ninavyoomba msamaha."

"Nilisikia."

Nilitamani anichape. Hakunichapa. Alisema kitu kwa Kichagga, na Kichagga changu ni cha mjini, nusu sikukipata. Baadaye akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Ndizi zilifika Dar zikiwa bado za kijani. Mama akapiga simu kwa furaha: mzazi amekunywa mtori mabakuli mawili na kuomba tena.

"Mwambie Bibi asijilaumu," akasema. "Wazee hawayajui haya mambo ya ndege."

Bibi alikuwa pale pale anapukuchua maharage, na sauti ya simu ilikuwa juu. Hakuinua kichwa.

"Mama," nikasema. "Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Habari ya mizigo. Iliandikwa. Nilitaka pesa ibaki ya feni."

Huko mtoto alikuwa analia.

"Mpe Bibi simu."

Wakaongea Kichagga muda mrefu. Bibi alicheka mara moja, halafu hakucheka tena.

Sasa Bibi amesharudi Kibosho. Mama anapiga karibu kila siku. Anauliza kama nimekula, kama nimepiga deki, kama bati halijaleta joto sana. Lile la tiketi hajaligusa. Jana nikajikaza, nikaweka sauti ya kawaida, nikamwambia naweza kumtafutia tiketi ya kurudi, safari hii yenye begi kubwa.

"Usihangaike," akasema. "Nakuja na basi Jumamosi. Tiketi nimeshakata mwenyewe."